Eti Daktari wa Maiti? Hapana Jamani, wa Watoto!

Mpenzi msomaji, hapa mjini kuna kazi ambazo ukizitaja tu watu wanakupisha kiti. Sema wewe ni rubani au mtu wa benki, uone soda zinavyosogezwa mezani kwako. Sema wewe ni daktari, ndo usiseme kabisa: kila mwenye kiuno kinachouma atakuvuta pembeni akueleze alivyolala. Lakini ngoja lije swali la pili, "Daktari wa nini?" Hapo ndipo soda yangu mimi huanza kuisha gesi mkononi.

Maana jibu langu ni refu. Mimi ni daktari wa patholojia, na ninakoelekea ni kwenye tawi lake moja ambalo wengi hawajawahi kulisikia: patholojia ya watoto na ya kipindi cha kuzaliwa. Nikishamaliza kulitamka, mtu ananitazama, anafikiri kidogo, halafu anasema kwa sauti ya chini, "Kumbe wewe ni wa mochwari." Basi, mazungumzo yameishia hapo.

Leo nataka nilimalize hilo jibu, maana sijawahi kupewa nafasi ya kulimaliza. Na wewe kijana unayesoma udaktari na unajiuliza ubobee wapi, sogea karibu, habari hii inakuhusu.

Kwanza tuelewane. Daktari wa patholojia ni yule ambaye mgonjwa hamwoni. Ukikatwa kinyama kwenye uvimbe, kinyama kile hakiendi kutupwa. Kinalowekwa kwenye fomalini, kinawekwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, kinatiwa rangi na kubandikwa juu ya kioo. Ndipo mtu fulani anakaa kwenye hadubini, anatazama, anaandika jina la ugonjwa. Yule daktari mwenye koti jeupe unayemshukuru anasubiri karatasi ya huyo mtu ndipo ajue akupe dawa gani. Huyo mtu ndiye mimi.

Sasa hilo tawi la watoto lina vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni cha watoto walio hai, na ndicho watu hawakijui. Kuna mtoto mchanga tumbo limejaa, siku ya pili hii hajapata choo. Daktari wa upasuaji anachukua kipande kidogo cha utumbo wa chini, na mwenzangu anatafuta kwenye kioo seli za neva zinazousukuma utumbo. Zikikosekana, ndio ugonjwa unaoitwa Hirschsprung, na mtoto anahitaji upasuaji. Kuna mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe kama ya paka usiku, tukihofia saratani ya jicho. Kuna mwenye uvimbe kwenye figo. Saratani kadhaa za watoto ukizitazama kwa hadubini zinafanana kama mapacha: seli ndogo, za mviringo, za bluu. Lakini hii inataka dawa hii na ile inataka dawa ile. Ukikosea jina, mtoto anapewa tiba ya ugonjwa wa mwenzake. Ndo maana wakubwa wa kazi hii hawachoki kutukumbusha kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo.

Chumba cha pili ndicho kinachoniharibia soda. Humo wamo watoto waliozaliwa wamekufa, waliofariki siku za kwanza, na kondo za nyuma zilizowalisha tumboni. Humo kazi ni kujibu swali moja tu: kwa nini?

Na swali hilo si la watu wachache. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2021 peke yake watoto wapatao milioni 1.9 duniani walizaliwa wamekufa, tukihesabu mimba zilizofika wiki 28 au zaidi. Nyuma ya kila mmoja yupo mama aliyerudi nyumbani na kanga mikononi bila mtoto ndani yake, na nyumba nzima inataka kujua amefanya nini.

Hivi mimi niliingiaje huko? Nikiwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, hapa hapa Dar, kwenye hospitali nitakayoihifadhi jina, aliletwa dada mmoja wa Manzese. Mimba ya tatu, mtoto wa tatu, na kama wale wawili, naye alizaliwa amekufa. Mtaani walishamaliza uchunguzi wao. Wa kwanza walisema ni mkono wa mtu. Wa pili wakasema ni yeye mwenyewe, kizazi chake kina kisirani. Kufika wa tatu, mawifi walishaanza kumtafutia kaka yao mke mwingine, tena hadharani, wala hawakunong'ona.

Mkubwa wetu wa zamu, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi, aliagiza kondo isitupwe. Ikapelekwa maabara. Ilikuwa kubwa kupita kawaida, imepauka, na kitovu kimevimba kwa ndani. Majibu yakarudi yakisema: tafuteni kaswende. Damu ikapimwa, ya mke na ya mume, wote wanayo. Mbona hakupimwa kliniki? Alikwenda, kwa kuchelewa ndiyo, lakini alikwenda. Siku hizo vipimo vilikuwa vimekwisha, akaambiwa apite baadaye, na hiyo baadaye haikuja.

Walichomwa sindano za penisilini wote wawili. Dawa ya zamani, ya bei ya kawaida kabisa. Mimba ya nne akaanza kliniki mapema, akafuatiliwa, akajifungua binti. Analia mpaka wodi ya pili wanasikia. Mawifi wakaja na supu.

Mimi nikabaki na fikra moja: huyu dada hakuokolewa na aliyemchoma sindano peke yake. Aliokolewa na mtu aliyekaa chumba cha nyuma akalitazama kondo ambalo kwa kawaida linazikwa au linachomwa moto. Nikasema, ile kazi naitaka.

Kuitaka ni jambo moja, kuipata sio mchezo. Hebu nikuhesabie kwa vidole. Udaktari wa kwanza miaka 5. Mafunzo kwa vitendo mwaka 1. Kisha unasajiliwa, unafanya kazi, unatafuta mapene au mfadhili. Halafu shahada ya uzamili ya patholojia, kama pale Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, miaka 3 mingine. Hapo ndo umekuwa bingwa wa patholojia ya jumla, unasoma matiti ya kina mama, tezi dume za wazee, ngozi, ini, kila kinacholetwa. Ya watoto ni ngazi inayofuata, juu ya hiyo. Wenzako mliomaliza wote wanajenga, wewe bado unabeba madaftari.

Na nikisema nataka hiyo, wenye kazi yao hawakunipigia makofi. Bingwa mmoja, simtaji, aliniambia mbele za watu kwamba patholojia ni kimbilio la madaktari wasioweza kuongea na wagonjwa. Jamani! Ningependa siku moja akae mahali pangu, mbele ya baba anayetakiwa kuzika kabla ya alasiri, amweleze kwa upole kwa nini tunaomba kumchunguza mwanawe. Ndipo ajue nani anaongea na nani anasoma karatasi.

Nyumbani nako kulizizima. Mama alisema, "Mwanangu, umesoma kote huko ili ukae na marehemu?" Upande wa mchumba ndo balaa. Kwenye kichen pati yangu shangazi yake alisikia mahali, sijui nani alimpelekea umbea. Akanivuta pembeni, akaniuliza kwa heshima zote kama mikono hii ndiyo itakayompikia kijana wao. Nikamwambia, "Ndiyo, shangazi, na naiosha kuliko mpishi yeyote wa hapa mjini." Akacheka. Lakini mpaka leo wali wangu hali, anasema daktari kamkataza wanga.

Watu husahau kwamba historia ya kazi hii imepita hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 pale Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliona watoto wenye uvimbe wa mataya. Mwaka 1958 akaandika juu yake, akauita sarkoma. Waliokuja kuonyesha kwamba ni limfoma, saratani ya aina nyingine kabisa, walikuwa watu wa hadubini wa pale pale Makerere, Gregory O'Conor na Jack Davies, katika maandishi yao ya mwaka 1960. Vinyama vya uvimbe ule vikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli zake. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Na ile limfoma ilionekana kusikia dawa vizuri, watoto wakapona kwa dawa bila kutegemea kisu. Kwa hiyo mtu asinidanganye kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Haya, unasomea wapi? Njia ziko kadhaa. Marekani unaanza na mafunzo ya ubingwa wa patholojia, miaka 3 ukichukua ya tishu peke yake au 4 ukichanganya na ya maabara, kisha mwaka 1 wa watoto, na bodi yao imekuwa ikitoa cheti cha tawi hilo tangu 1990. Ubaya wake, hata kama una uzamili wa nyumbani, unarudi kuanza mitihani yao kama mtoto wa darasa la kwanza. Uingereza ni ubingwa wenye jina lake kamili. Unapita kwanza kwenye patholojia ya tishu ya jumla kwa miaka kama 2, ndipo unaomba kuingia tawi la watoto, na mwishoni unakabili mitihani ya Chuo cha Kifalme cha Wanapatholojia, ile ya FRCPath.

Mimi nilichagua mlango mdogo. Uingereza wana mpango unaoitwa MTI, wa kumpokea daktari wa nje kwa muda usiozidi miaka 2, anajifunza ndani ya hospitali zao, halafu anarudi kwao. Haukupi cheti chao cha ubingwa, hilo ulijue mapema usije ukalia uwanja wa ndege. Unakupa mikono na macho. Kwangu ilitosha, kwa sababu sikuwa natafuta kuzamia, nilitaka kurudi na ufundi.

Karatasi zake sasa, we acha tu. Mtihani wa Kiingereza, kana kwamba yote haya niliyasoma kwa Kimakonde. Barua za wakubwa watatu. Orodha ya kila kesi niliyoisoma, ngapi za watoto, ngapi za kondo, ngapi nilifungua mwenyewe. Kijana, sikia hili: daftari la kesi anza kuliandika leo. Usiseme utakumbuka. Mimi nilianza siku ya kwanza ya uzamili, kwa kalamu ya risasi, na lile daftari ndilo lililonibeba.

Kisha usaili, kwa njia ya video, umeme ukiwa unawaka na kuzima. Watu wanne kwenye kioo. Nilijiandaa kwa maswali ya figo na ini. Hawakuyagusa. La kwanza waliuliza, "Mtoto amezaliwa amekufa, mama hataki apasuliwe. Utafanya nini?"

Swali hilo kwao lina kidonda. Mwaka 1999 ilifichuka kwamba hospitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool, ilikuwa imehifadhi viungo vya watoto waliofariki bila wazazi kujua. Ripoti ya uchunguzi ilitoka Januari 2001, nchi ikalia. Kuna wazazi waliolazimika kuzika mara ya pili. Ndipo ikatungwa sheria ya mwaka 2004 ya tishu za binadamu, kwamba huondoi wala huhifadhi kitu bila ridhaa, isipokuwa kwa amri ya mpelelezi wa vifo. Kwa hiyo mtu anayeingia kazi hii anapimwa kwanza adabu, ndipo akili.

Nikajibu ninavyofanya nyumbani. Kwanza nakaa chini, sisimami juu ya kitanda cha mzazi. Nampa pole na kunyamaza. Kama mtoto ana jina, namtaja kwa jina. Sianzi na neno kupasua. Namwambia mama kwamba tunaweza kumtazama mtoto kwa nje, kumpima uzito, urefu, mzunguko wa kichwa, hata wayo wa mguu, maana wayo hutuambia umri wa mimba. Tunaweza kupiga picha ya eksirei. Tunaweza kulichunguza kondo peke yake, na kitovu, kama mishipa yake mitatu imetimia. Hayo yote hayaachi kovu kwa mtoto. Akikubali zaidi, namweleza kwamba atashonwa vizuri, atavalishwa, atarudishiwa ampakate. Na kama mazishi ni leo hii, naseme wazi tutamaliza saa ngapi. Akikataa, namshukuru. Mtoto ni wake.

Nikaongeza na habari ya sindano. Kuna njia ya kuchukua vinyama vidogo kwa sindano badala ya kufungua mwili. Mtandao wa CHAMPS, ulioanzishwa mwaka 2015 kuchunguza vifo vya watoto wadogo Afrika na Asia, umeitumia huko Siaya na Kisumu, Kenya. Kwa familia inayotaka kuzika haraka, njia hiyo ni nafuu kubwa. Mama mmoja kati ya wale wanne akaacha kuandika, akanitazama.

Swali la mwisho: "Ukirudi kwenu, utafanya nini kwa kuwa vifaa vya huku hamna?" Nikawaambia kondo haihitaji mashine ya anga. Inahitaji mizani, kisu kikali, fomalini, na mtu aliyefundishwa kuitazama. Nataka kuwafundisha wakunga ni kondo ipi isitupwe.

Baada ya wiki tano barua ikaja. Nimepata.

Nilipiga yowe, kisha nikakaa kimya, maana nilijua kilichokuwa kinafuata. Harusi ilishapangiwa mwezi. Ukumbi umelipiwa nusu. Upande wa mchumba wakaweka kikao, na neno lililotoka ni kwamba nichague: miaka miwili ya marehemu wa watu, au ndoa. Usicheke, msomaji. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na mjini hapa mwanamke wa umri huo anahesabiwa siku kama maziwa ya pakiti.

Mchumba wangu ni mtu wa maneno machache, fundi wa majokofu. Alisikiliza kikao chote. Mwisho akawauliza wazee wake swali moja: yule mdogo wao wa kike aliyepoteza mtoto miaka minne iliyopita, kuna aliyewahi kumwambia kwa nini? Hakuna aliyejibu. Akasema, "Basi mwacheni aende akasome hicho. Mahari haiozi."

Kwa hiyo harusi itafungwa kabla sijaondoka, ndogo, ya watu mia moja tu, na ukumbi watabadilisha tarehe. Sisemi kila kitu kimekuwa poa. Ninaogopa baridi, ninaogopa upweke, na ninaogopa zaidi chumba cha pili. Watu hudhani unazoea. Huzoei. Kuna siku nimerudi nyumbani nikaoga mara mbili, nikakaa gizani, sikutaka hata redio. Mkubwa wangu mmoja alinifundisha jambo: ukimaliza ripoti, isome tena kana kwamba wewe ndiye mama. Ukiona kuna sentensi itakayomfanya ajilaumu bure, ifute uandike upya. Hilo ndilo linalonisaidia kulala.

Na wewe usiye daktari nikuombe matatu. Ukishika mimba, nenda kliniki mapema, na mume mwende wote, mpimwe damu wote. Ukiambiwa vipimo vimekwisha, uliza vinakuja lini na urudi siku hiyo. Likitokea la kutokea, Mungu apishie mbali, uliza kabla hamjatoka wodini kama kondo linaweza kuchunguzwa. Halafu mtoto wa mwenzako akifariki, usimwulize alikula nini wala alimkosea nani. Mpe pole, mpikie, ukae naye.

Shangazi, kama gazeti hili limekufikia, jibu langu ndo hilo lote. Sasa karibu ule wali.